Popoo ya Chunguni na Popoo ya Kinywani

Mzee mmoja anayeuza tambuu, jani la kutafuna pamoja na popoo na chokaa, karibu na soko la Darajani, Unguja, ana jibu tayari kwa kila mpita njia anayemwambia kwamba popoo inaleta saratani. "Hata Wachina wanaitumia, mwanangu," husema bila kuinua macho, mkasi wake ukiendelea kuchanja popoo vipande. "Wameiandika kwenye kitabu cha dawa cha serikali. Serikali itaandika sumu?"

Mara ya kwanza nilidhani ni maneno ya sokoni tu. Nikaenda kuchungua, nikakuta mzee hakudanganya. Mbegu ya mpopoo imo katika Farmakopia ya Jamhuri ya Watu wa China, kitabu rasmi cha dawa cha nchi hiyo, kwa jina la *binlang*, pamoja na kipimo chake kwa gramu na maradhi inayoyatibu. Lakini China hiyohiyo imepiga marufuku matangazo ya popoo ya kutafuna redioni na kwenye televisheni, na madaktari wake wanakata ndimi na mashavu ya watu walioizoea. Mtu akisikia upande mmoja tu, atatoka na nusu ya habari, na nusu hiyo humtosha kabisa kushinda ubishi barazani.

Nianze na swali la mzee, maana jibu lake ni fupi. Serikali itaandika sumu? Itaandika, na imeandika. Kitabu hichohicho kina madini yenye zebaki, na kina mbegu yenye striknini, ile sumu waliyokuwa wakiulia panya. Kitu kikiingia katika kitabu cha dawa maana yake kimeonekana kina nguvu mwilini, kwa hiyo kimefungwa kwa masharti: sehemu gani itumike, isafishwe vipi, apewe nani, kiasi gani, kwa shida gani. Anayechukua jina na kuyaacha masharti amebeba kifuniko, chungu amekiacha jikoni.

Mpopoo wenyewe wengi wetu tunaujua. Ni ndugu wa mnazi na mtende, shina limenyooka kama mlingoti, jembamba kiasi cha kukufanya ujiulize linasimamaje kaskazi ikivuma. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliupa jina la kitaalamu, *Areca catechu*, mwaka 1753. Tunda lake lina ukubwa wa yai, huanza kijani na kuiva rangi ya chungwa, na limevaa kumbi la nyuzi mithili ya nazi ndogo. Ndani mna mbegu moja ngumu. Ukiikata katikati utaona michirizi ya kahawia na nyeupe iliyopindana kama ubongo. Mbegu hiyo ndiyo popoo. Kiingereza huiita "njugu", na kosa hilo limesambaa dunia nzima. Kwa wataalamu wa mimea ni mbegu ya tunda, basi.

Nalikumbusha jambo la mbegu na kumbi kwa sababu waganga wa Kichina wanavitenga kabisa. Mbegu ni dawa moja. Kumbi lililokaushwa ni dawa nyingine, lina jina lake, *dafupi*, nalo hutolewa kwa tumbo lililojaa upepo na kwa miili iliyovimba maji. Tutalirudia kumbi tukifika Hunan, jimbo la China, kwa kuwa huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Mti huu si wa China ya kaskazini. Ni wa nchi za joto za Asia ya kusini mashariki, na jina lenyewe linaonyesha ulikopitia: *binlang* ya Wachina ni *pinang* ya Wamalay, ambalo pia ni jina la kisiwa cha Penang. Waarabu huiita *fofal*. Maandishi ya kale ya Kichina yanasimulia kwamba mfalme Wu wa ukoo wa Han, baada ya kuziteka nchi za kusini mwaka 111 kabla ya Kristo, aliagiza miche zaidi ya 100 ya mipopoo ikapandwe katika kasri moja karibu na mji mkuu wake, pamoja na miti mingine ya matunda ya kusini. Kule maji huganda wakati wa baridi. Mpopoo ungeishije?

Mti ulishindwa na baridi, mbegu ikasafiri. Ilipofika mwaka 500 hivi, Tao Hongjing, tabibu na mwanazuoni aliyekusanya elimu ya dawa ya zama zake, alikuwa ameshaiorodhesha kuwa dawa ya kusaga chakula na kuua minyoo. Watu wa Lingnan, yaani Guangdong na majirani zake, waliitafuna kila siku kama wengine wanywavyo chai, kwa imani kwamba inawakinga na *zhangqi*, hewa mbaya ya misitu ya joto. Hewa hiyo, ukisoma dalili walizozieleza, homa ya kuja na kuondoka pamoja na mtetemeko wa baridi, kwa sehemu kubwa ilikuwa malaria. Li Shizhen, aliyemaliza kitabu chake kikubwa cha dawa mwaka 1578, amenukuu sifa nne za popoo zilizoandikwa kabla yake: humlevya aliye mzima, humzindua mlevi, humshibisha mwenye njaa, humtia njaa aliyeshiba.

Sifa hizo zimenifikirisha. Ukizisoma kwa macho ya leo, huoni dawa ya ugonjwa wowote. Unaona maelezo sahihi ya kitu kinachogusa mishipa ya fahamu: kinachangamsha, kinatuliza, kinachezea hamu ya kula. Wale wazee walikuwa wameshakijua kileo, wakakiweka rafu moja na dawa.

Sasa tukifungue kitabu chenyewe. Kwa lugha ya tiba ya Kichina, *binlang* ina ladha chungu na kali, tabia yake ni ya joto, na njia zake mwilini ni za tumbo na utumbo mpana. Kazi zake zimetajwa hivi: kuua minyoo, kuondoa chakula kilichoganda tumboni, kuteremsha *qi*, kuondosha maji yaliyotuama, na kukatiza homa za vipindi. *Qi* si lazima tuitafutie neno la Kiswahili. Fikiria tu pumzi na nguvu inayopaswa kwenda chini tumboni, lakini imekwama juu na kuleta kuvimbiwa, kucheua na msokoto. Yeyote aliyewahi kula pilau ya harusi mbili kwa siku moja anaijua hali hiyo.

Kipimo cha kawaida ni gramu 3 hadi 10 kwa siku. Kwa tegu na kwa minyoo bapa ya utumbo, kinapanda hadi gramu 30 au 60. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo matumizi haya mawili tuyatenge. Kile kipimo kidogo huingia katika michanganyiko. Popoo haitumwi peke yake. Hufuatana na mizizi, maganda na majani mengine. Kuna fomula maarufu ya Wu Youxing, tabibu aliyeandika juu ya magonjwa ya mlipuko mwaka 1642 baada ya kuona tauni ikifyeka watu, ambayo popoo ni mmoja wa viungo vyake vikuu vitatu. Kuna vidonge vya kuvimbiwa vinavyoichanganya na mzizi wenye harufu uitwao *muxiang*. Kile kipimo kikubwa, kwa upande wake, kilikuwa silaha ya siku moja: unakunywa, tegu anatoka, kazi imekwisha.

Kabla ya hayo yote mbegu hutayarishwa. Huloweshwa majini hadi ilainike, hukatwa vipande vyembamba kama karatasi, hukaushwa kivulini. Wakati mwingine hukaangwa hadi iwe ya manjano, au iungue kidogo, ili makali yapungue kwa wagonjwa dhaifu. Kisha huchemshwa chunguni, maji yakanywewa, makapi yakatupwa. Kuloweka na kuchemsha si ibada tu. Arekolini, kiini chenye nguvu cha popoo, huyeyuka majini, hivyo sehemu yake huondoka na maji ya kulowekea. Na mgonjwa hatafuni chochote: maji yanapita kinywani kwa sekunde mbili tatu, yanashuka.

Arekolini ilitengwa kutoka kwenye mbegu hii mwishoni mwa karne ya 19, na hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kitu tulichokwisha kukitaja. Mwili una kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo mishipa ya fahamu huitumia kupelekea amri kwenye misuli, tezi na viungo vya ndani. Arekolini inafanana nayo kwa umbo kiasi cha kuingia katika vipokezi vyake, kama funguo iliyochongwa mtaani inavyoingia kitasa kisicho chake. Ikishaingia, amri hutoka bila aliyeamuru. Mate yanatiririka. Jasho linatoka, mwili unapata joto. Utumbo unaanza kusukuma, ndiyo ile "kuteremsha *qi*" na kufungua choo. Mirija ya hewa inabana, na hapo mwenye pumu ajihadhari. Kichwani mtu anahisi kuchangamka na kutulia kwa pamoja, hali isiyo na jina zuri katika lugha yoyote ninayoijua.

Tegu naye ana mishipa ya fahamu na misuli. Arekolini humpooza, hasa kichwani na shingoni, pale penye vinyonyeo anavyojishikizia kwenye ukuta wa utumbo. Katika miaka ya 1950 watafiti wa China waligundua kwamba mbegu za maboga, ambazo nazo ni dawa ya kale ya minyoo, hupooza zaidi sehemu ya kati na ya nyuma ya mnyoo huyohuyo. Wakaviunganisha: mgonjwa anakula mbegu za maboga asubuhi na tumbo tupu, baadaye anakunywa maji ya popoo, kisha haluli ya kuharisha. Tegu aliyepoozwa mbele na nyuma anasombwa nje akiwa mzima na kichwa chake. Kichwa ndicho cha muhimu. Kikibaki, baada ya miezi michache tegu amerefuka upya.

Mtu atasema hayo ni ya zamani, leo tuna prazikwanteli, dawa tunayoijua sana huku kwetu kwa ajili ya kichocho. Ni kweli, nami nikipata tegu nitakwenda hospitali kuomba prazikwanteli au niklosamaidi, sitaloweka popoo. Lakini ipo sababu ya kitabibu iliyofanya watafiti wairudie popoo hata baada ya mwaka 2000, huko kaskazini magharibi mwa Sichuan, kwa wafugaji wa Kitibeti wanaougua sana tegu. Tegu wa nguruwe ana tabia mbaya: mayai yake yakimezwa, viluwiluwi huweza kujificha kwenye ubongo wa mtu. Prazikwanteli hupenya hadi huko, ikawashtua, na mgonjwa ambaye hakujua kama anao akaanguka kifafa. Mchanganyiko wa popoo na maboga kazi yake huishia utumboni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha tegu wakitoka ndani ya saa chache tu, huku wagonjwa wengi wakilalamikia kichefuchefu na kizunguzungu kilichopita siku ileile. Hicho kizunguzungu ni arekolini ikigonga vitasa vya binadamu baada ya kumaliza na mnyoo.

Hata mbwa wameionja. New Zealand na Tasmania zilipokuwa zikipambana na tegu mdogo wa mbwa anayeleta uvimbe wa maji kwenye ini la binadamu, mbwa wa wafugaji walikusanywa kwa ratiba, wakafungwa kwa mstari na kunyweshwa chumvi ya arekolini, kisha wakaguzi wakangoja kuchungulia kilichotoka. Kazi ya kulipwa, lakini sijui mshahara gani ungenitosha.

Basi, kama ni dawa kweli, saratani imetoka wapi?

Imetoka shavuni. Mtafunaji wa popoo haimezi ikapita. Anaiweka kati ya fizi na shavu, dakika ishirini, nusu saa, anaongeza nyingine, mara tano au kumi au ishirini kwa siku, miaka thelathini. Na mara nyingi ameipaka chokaa. Chokaa ndiyo inayoyafanya mate kuwa mekundu, na ndiyo inayoigeuza arekolini iwe nyepesi kupenya ngozi laini ya kinywa. Yaani kile ambacho mganga wa Guangdong alikipunguza kwa kuloweka, mtafunaji anakikoleza kwa chokaa. Mbegu ni ileile. Matendo yamegeuzwa nyuma mbele.

Nyuzi ngumu za popoo hukwaruza ngozi ya ndani ya shavu siku baada ya siku. Arekolini huziamsha seli zinazotengeneza kolajeni, zile nyuzinyuzi za kushikilia mwili, zikafuma kupita kiasi. Popoo pia ina shaba nyingi kuliko vyakula vya kawaida, na shaba hiyo husaidia nyuzi zifungamane zisifumuke tena. Taratibu shavu linakakamaa kama ngozi ya ngoma. Kwanza pilipili inaunguza kuliko ilivyokuwa ikiunguza. Kisha weupe unatanda ndani ya mashavu, kisha mdomo unakataa kufunguka. Watu wa afya ya kinywa wana kipimo cha bure kabisa: simamisha vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, uviingize kwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye taya zima anaviingiza. Mwenye ugonjwa huu huingiza viwili, au kimoja, na wapo wanaolishwa uji kwa mrija. Kukakamaa huku hakurudi nyuma hata popoo ikiachwa, na kwa baadhi ya watu kunageuka saratani.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, tawi la Shirika la Afya Duniani, lilikuwa limeshatangaza mwaka 1985 kuwa mchanganyiko wa tambuu wenye tumbaku ni chanzo cha saratani. Wengi wakajifariji kwamba kosa ni la tumbaku. Faraja hiyo ilivunjwa na tathmini iliyochapishwa 2004: popoo yenyewe, bila tumbaku, ikawekwa katika kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, pamoja na sigara. Arekolini iliyotengwa peke yake ilipimwa baadaye ikapewa daraja la chini zaidi, la vitu vinavyoweza kuleta saratani, kwa kuwa binadamu hawatafuni arekolini tupu. Mwaka 2024 watafiti wa shirika hilo walikadiria kwamba kati ya wagonjwa wapya karibu 390,000 wa saratani ya kinywa duniani mwaka 2022, takriban 120,000 walitokana na tumbaku isiyovutwa na popoo.

Angalia fundo lilipo. Farmakopia ya China inataka mbegu ya dawa iwe na arekolini isiyopungua asilimia 0.20, vinginevyo haifai kuitwa dawa. Arekolini hiyohiyo ndiyo wataalamu wa saratani wanayoinyooshea kidole. Hakuna aliyekosea. Mmoja anazungumzia kikombe cha siku chache, mwingine anazungumzia shavu la miaka thelathini.

Na Wachina wenyewe, wenye kitabu, hawakusalimika na mkanganyiko huu. Popoo karibu yote ya China bara inalimwa kisiwani Hainan, lakini watafunaji wakubwa wako Hunan, jimbo lisiloweza kuotesha hata mpopoo mmoja. Mji wa Xiangtan ndio makao makuu ya mapenzi hayo. Wenyeji husimulia kwamba baada ya watu wa mji kuchinjwa na majeshi ya ukoo wa kifalme wa Qing katikati ya karne ya 17, mtawa mmoja alizika maiti huku akitafuna popoo ajikinge na tauni, na watu wakamwiga. Iwe kweli au ngano, hadithi hiyo imefanya kazi yake: uraibu ukaingia mjini umevaa kanzu ya tiba.

Popoo ya Hunan wala si ile ya kitabuni. Tunda linachumwa changa, linachemshwa na kukaushwa kwa moshi, linapasuliwa, na kinachotafunwa hasa ni kumbi lenye nyuzi, likiwa limepakwa urojo wa chokaa, sukari na vikolezo vya minti au mdalasini. Vipaketi vyake vinang'aa kama vya peremende. Madereva wa malori na wachezaji wa karata ndio wateja wake wa kutegemewa. Hoja ya kuitetea ilikuwa neno kwa neno ile ya mzee wa Darajani: hii ni dawa ya wahenga wetu, imo kitabuni.

Mambo yaligeuka polepole. Mwaka 2020 popoo ya kutafuna iliondolewa katika makundi ya vyakula vinavyopewa leseni ya uzalishaji. Septemba 2021 yakaja marufuku ya matangazo redioni, kwenye televisheni na kwenye video za mtandaoni. Septemba 2022 mwimbaji Fu Song akafariki kwa saratani ya kinywa akiwa na umri wa miaka 36. Alikuwa ameshajitokeza hadharani, uso umeharibika kwa upasuaji, akiwasihi watu waache popoo. Baada ya kifo chake miji kadhaa, Yiwu ukiwamo, ilikataza isiuzwe kama chakula. Kwingineko bado inauzwa. Si chakula kwa mujibu wa leseni, si dawa kwa namna inavyotafunwa, na kuna familia nyingi za wakulima Hainan zinazoishi kwayo. Serikali kubwa kama ile nayo imebaki inaizungukia kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya gunia la mchele.

Mwaka 2013 hofu ilimwagika hadi kwenye dawa zenyewe. Ipo dawa ya maji iitwayo *si mo tang*, yenye popoo ndani, wanayopewa hata watoto wachanga wa China tumbo likiwajaa. Wazazi waliposikia neno "saratani" walipagawa. Waganga wakajibu kwamba ushahidi wote unatoka kwa watafunaji, na dawa ni kidogo, imechemshwa, ni ya siku chache. Hoja yao ina uzito, mimi naikubali kwa mtu mzima mwenye tegu. Kwa mtoto mchanga anayelia kwa upepo tumboni, ambaye angetulia kwa kubebwa begani na kupigwapigwa mgongo, siioni haja. Hata tiba ya Kichina kwa kanuni zake inaonya: asipewe aliyedhoofika na kuharisha, na mja mzito ahadhari nayo.

Kuna njia nyingine ya kutumia mmea wenye sumu, nayo ni kuiacha mbegu na kuiba wazo lake. Wanakemia wa Marekani na Denmark walichukua umbo la arekolini, wakalichongachonga, wakapata xanomelini, iliyojaribiwa miaka ya 1990 kwa wagonjwa wa kusahau uzeeni. Akili za wagonjwa zilipata nafuu fulani, lakini matumbo yalipinduka, wakatapika, dawa ikawekwa kabatini. Miaka baadaye mtu akafikiria kuichanganya na dawa ya pili, trospiamu, ambayo inavifunga vipokezi vilevile mwilini kote isipokuwa kwenye ubongo, kwa sababu haiwezi kuvuka kuingia huko. Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ikauidhinisha mchanganyiko huo, kwa jina la Cobenfy, kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili. Ni dawa ya kwanza ya maradhi hayo kwa miongo mingi kufuata njia tofauti na za zamani. Ukoo wake unarudi hadi kwenye sahani ya tambuu.

Sahani hiyo kwetu ina miaka mingi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, mtumishi wa sultani alimletea sinia lenye majani ya tambuu na popoo, akapewa majani kumi na popoo kidogo kwa heshima ya ugeni. Mpaka leo katika mwambao, posa na harusi zina tambuu yake, na kijaluba cha chokaa kimo katika masanduku ya mabibi wengi ambao meno yao hayapo tena. Sisi hatukuiingiza popoo kwa mlango wa dawa. Tuliiingiza kwa mlango wa heshima na raha, na lugha ikatunza kumbukumbu hiyo bila haya: neno *uraibu*, tunalolitumia leo kwa heroini na kamari, kwa wazee lilikuwa neno la tambuu, popoo na wenzake.

Kwa hiyo tambuu moja ya harusini, kwa mtu asiye na mazoea, mimi siioni kuwa msiba. Wasiwasi wangu uko kwa vile vipaketi vya popoo iliyokatwakatwa na kutiwa manukato na sukari, vinavyoning'inia dukani kwenye usawa wa macho ya mtoto wa darasa la nne. Anayetafuna kila siku na ameanza kuhisi ukali wa pilipili usio wa kawaida, au ameona doa jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki mbili, aende kwa daktari wa meno akaangaliwe, hata kama hana jino linalouma.

Niliporudi Darajani nilimweleza mzee haya yote, ya chungu na ya shavu. Alisikiliza vizuri, akasema Wachina nao wana makuu. Nikamwomba ajaribu kile kipimo cha vidole vitatu. Alikitupa kipande alichokuwa akitafuna, akapangusa mkono kwenye shuka, akajaribu. Viliingia viwili. Akajaribu tena kwa mkono wa pili, akidhani tatizo ni vidole.